Panya wametuhamia, paka tuliyemleta ananenepa tu. Naombeni msaada wadau

Mama Watatu, Gungu Kigoma

Wadau habari za usiku, naandika saa nane usiku sababu usingizi umekata, juu ya dari kuna mbio zinaendelea na nimelala na fagio pembeni kama mlinzi wa sheli. Tupo Gungu, nyumba ya tofali za kuchoma, bati, silingi bodi za zamani alizoweka marehemu baba mkwe, vyumba vitatu na stoo. Tangu mwezi wa sita baba watoto aliposhusha magunia manne ya mahindi kutoka Kasulu ndo balaa limeanza. Mwanzoni niliona vinyesi kama punje za mchele mweusi nyuma ya friji nikasema aah hako kamoja tu kamepotea njia. Wiki mbili mbele kiroba cha dagaa kimetobolewa ubavuni, unga wa muhogo una tundu, na sabuni ya gwanji ina alama za meno pande zote, yaani hadi sabuni jamani. Juzi ndo wamenimaliza. Nafungua kabati natafuta kadi ya kliniki ya mdogo, nakuta imesagwa imekuwa kama pamba, na juu yake vitoto sita vyekundu havina hata manyoya, vimelaliana, vinapumua. Nilipiga kelele mpaka jirani akaja na panga.

Tulichofanya mpaka sasa: sumu ya machinga mara moja nikaacha, huyu wangu wa miaka miwili anaokota kila kitu anaweka mdomoni. Gundi ikanasa mjusi wawili na ndala ya baba watoto. Paka tumepewa na jirani, analala kwenye kochi. Matundu yote ya chini nimeziba kwa sementi mwenyewe kwa mikono yangu. Wahenga walisema panya wengi hawachimbi shimo, hao wahenga hawakufika Gungu. Nifanyeje?

Mwisho wa Reli

Hahaha pole mama. Morogoro pale chuo cha kilimo SUA panya buku wanasomeshwa kunusa mabomu, yule Magawa 2020 kapewa hadi medali ya dhahabu kwa kazi aliyofanya Kambodia, wa kwenu wamekalia kadi ya kliniki. Huyo paka mnampa dagaa? Mnyimeni siku tatu muone.

Fundi Juu ya Bati

Paka muacheni ale, paka hata akishiba anawinda, shida ni kwamba panya wako darini na yeye yuko kwenye kochi, watakutana wapi?

Dada pole sana. Mi ni fundi wa kupaua, nimeingiza kichwa kwenye dari za watu hapa Kigoma mpaka ile harufu nimeizoea. Kama vinyesi ni punje ya mchele huyo ni panya mdogo, afadhali, wangekuwa wakubwa ungeona vinyesi vinakaribia haragwe. Ila umesema umeziba chini, na mbio unazisikia juu. Ukuta wa tofali za kuchoma usiopigwa lipu kwake yeye ni ngazi, anapanda wima bila kushika chochote.

Fanya hivi. Kesho saa saba mchana jua likiwa kali, zima taa zote, fungua kile kimlango cha dari, panda stuli ingiza kichwa ukae kimya dakika tano macho yazoee giza. Utaona nyota. Kila nyota pale ukuta unapokutana na bati ndo mlango wao. Migongo ya bati ikilala juu ya ukuta inaacha upenyo kila mgongo, mafundi wa zamani walikuwa wanasindilia udongo, udongo ukikauka unadondoka wenyewe na hakuna mtu anayepanda kuangalia. Ukishuka zunguka nje, angalia waya wa umeme unapoingilia, bomba la sinki linapotokea, kona ya fisha bodi iliyooza. Kipimo chako ni kalamu ya biki. Kalamu ikipita, na yeye anapita.

Kuziba sasa, usiweke matambara wala lile povu la kopo, meno yake yanakua maisha yake yote kwa hiyo kutafuna ni lazima atafune, povu ni kazi ya usiku mmoja. Chukua stilwaya ya kusugulia sufuria, isindilie kwa bisibisi mpaka ikatae, halafu juu yake piga sementi na mchanga. Ule upenyo mrefu wa bati weka wavu wa chuma wenye vitundu vidogo na sio wavu wa kuku, wavu wa kuku anapita kama anaenda sokoni. Mlango wa stoo chini pigilia kipande cha bati. Mti ukigusa paa, kata tawi. Na usizibe kila kitu siku moja wakati wao wako ndani, utakuwa umewafungia pamoja na waya zako za umeme na wanazitafuna hizo. Punguza kwanza kwa mitego, huku unaziba, tundu la mwisho liwe lile wanalopita sana.

Mnyamwezi wa Isevya

Mwangaluka wote. Niko Tabora, haya mambo kwetu ni ya kila mwaka, mvua ikishakata na watu wakavuna shamba linabaki jeupe, panya hana kitu huko, anafuata mahindi yalikoenda na mahindi yameenda kwako. Fundi kaongea vizuri ila mi naanzia kwenye stoo. Mama hayo magunia umeyaweka wapi? Najua jibu, yamelala chini na yameegemea ukuta, sababu na mimi ndo nilikuwa naweka hivyo. Hapo katikati ya gunia na ukuta umemjengea chumba cha uzazi. Weka chaga za mbao, magunia yakae juu na yaachane na ukuta kiasi mtu unaweza kupita na fagio nyuma yake. Dagaa na unga toa kwenye viroba kabisa, nunua ndoo za lita ishirini zenye mfuniko wa kubana, au pipa la bati. Hata ile mifuko ya kuhifadhia nafaka ya matabaka matatu inazuia wadudu, panya anaitoboa vizuri tu. Sabuni anakula kwa sababu ya mafuta, gwanji si mawese hiyo, kwake ni chapati.

Mitego. Watu wananunua mmoja wanauweka katikati ya chumba halafu wanalalamika. Panya hapiti katikati, anatembea ameambaa na ukuta, mbavu zinagusa. Mtego ukae kichwa chake kimeelekea ukutani, yaani ule upande wa chambo ndo ugusane na ukuta, na usiweke mmoja, weka sita, nane, usiku mmoja. Huyu mnyama mimba yake ni wiki tatu tu, anazaa watano, sita, hadi wanane, na wale vitoto wakifika kama wiki sita nao wanaanza, sasa wewe ukikamata mmoja kwa wiki unapunguza nini? Chambo weka karanga iliyosagwa, kidogo sana kama kichwa cha njiti ya kiberiti, ukiweka bonge anakula pembeni anaondoka zake. Mimi naifunga na uzi kabisa ili alazimike kuvuta. Siku mbili za kwanza weka chambo bila kutega, wazoee, ya tatu ndo utege. Dagaa usiweke, utabana paka. Nimeshabana wangu, alitembea na mtego mguuni kwenye veranda mbele ya wageni wa posa.

Dogo wa Mwanga

Mi naona mnamzungusha tu mama wa watu. Sumu ndo dawa. Kuna zile chenga za bluu, unatupia darini mfuko mmoja unalala.

Baba Jose

Dogo huyo panya atafia wapi? Mi nilitupia darini kama unavyosema. Zile za bluu haziui palepale, zinazuia damu kuganda, anakaa siku tatu nne ndo anakufa, na anafia anakotaka yeye. Wiki iliyofuata sebuleni kukawa na harufu, tukahisi ni mto wa kochi, tukaanika makochi yote nje. Siku ya pili tunakula wali mke wangu akanyamaza ghafla anaangalia juu. Silingi bodi ina duara la njano, na katikati ya duara kuna funza ananing'inia. Sijamaliza ule wali mpaka leo. Nilikata ubao mzima nikatoa watatu. Na paka wa jirani alikufa wiki hiyohiyo, inaonekana alikula mmoja aliyelewa sumu, nimemlipa kwa kuku na bado hanisalimii vizuri.

Nesi Zamu ya Usiku

Nimeingia kwa ajili ya huyo mtoto wa miaka miwili. Mama umefanya jambo la maana kuacha sumu. Zile Baba Jose anazosema mtoto akila anaweza kucheza vizuri kabisa leo na kesho, damu inaanza kutoka siku zinazofuata, kwa hiyo usiseme mbona hana kitu. Usimtapishe, usimpe maziwa ukasubiri, mpeleke hospitali saa hiyohiyo na paketi mkononi, sababu hizo zina dawa yake, vitamini K, lakini zipo sumu nyingine zinatoa gesi tumboni na hizo hazina mzaha wala dawa yake maalum. Zile za kupimiwa kwenye kipande cha gazeti bila jina ndo zinatutesa sisi, mgonjwa analetwa hatujui kala nini.

Kingine, usifagie vile vinyesi vikavu. Vumbi linapanda unalivuta. Vaa mfuko wa nailoni mkononi, mwagia maji yenye jiki, subiri dakika kumi, futa na tambara ulitupe, nawa mikono. 2022 kule Ruangwa, Lindi, watu waliumwa homa wengine wakitokwa damu puani, wizara ikasema ni homa ya mgunda, inatokana na mkojo wa wanyama na panya wakiwemo. Sisemi hivyo vya kwako vina ugonjwa, nasema usivishike. Na mahindi yaliyolowa mkojo usiyapepete ukapeleka mashine, mwaga.

Mwisho wa Reli

Na kile kidude cha kuchomeka kwenye soketi kinachopiga sauti ya kufukuza panya? Naona wanauza elfu kumi na tano.

Mnyamwezi wa Isevya

Ninacho. Nilikuta wamezalia nyuma yake, palikuwa na joto.

Mama Watatu, Gungu Kigoma

Wadau nimerudi, leo ni siku ya kumi na moja. Nilifanya ile ya fundi, nikapanda stuli nikaingiza kichwa, jamani nyota kweli. Nilihesabu kumi na nne nikaacha. Upande wa jikoni pale bomba la sinki linapotoka kuna tundu ngumi ya mtoto inaingia, na hilo ndo nililipita kila siku na ndoo mkononi, lilikuwa limejificha nyuma ya jiko la mkaa. Kuta zake zimepakaa weusi kama grisi, baba watoto anasema ni miili yao inavyosugua wakipita.

Mitego nilinunua saba. Siku mbili bila kutega, karanga iliisha yote wakafurahi. Usiku wa tatu nikatega, nilivyozima taa tu nikasikia pa, halafu pa, halafu kimya, halafu pa. Asubuhi wanne. Kesho yake watatu, halafu mmoja, halafu siku mbili hakuna. Mmoja alikuwa na mdomo mrefu mwembamba ananuka vibaya, baba watoto kasema huyo sio panya ni kirukanjia anakula mende, ningemwacha, roho imeniuma kidogo. Magunia tumeyainua kwenye chaga, kweli nyuma yake palikuwa na kiota kingine, soksi ya shule ya wa kati iliyopotea mwezi wa saba ilikuwa humo. Gunia moja karibu debe zima tumemwaga. Dagaa wamehamia kwenye ndoo. Jumapili tukaziba juu na stilwaya na sementi, mimi nachanganya yeye yuko kwenye ngazi ananilaumu mchanganyiko mwepesi. Nikaziba la sinki mwisho.

Siku nne tumelala. Ila jana usiku nikasikia tena mbio darini, nzito kuliko zile za kwanza, nikasema basi sasa wamekuja wale wa haragwe. Nikawasha tochi nikapanda. Ni paka. Amekaa juu ya boriti ananiangalia. Kimlango cha dari kilikuwa kimefungwa na kitasa, na jioni nilimuacha nje. Fundi, huyu kapita wapi?

Fundi Juu ya Bati

Kama paka kapita basi kalamu ya biki tuiweke pembeni. Usizibe kitu. Nipo Kibirizi mpaka Ijumaa, Jumamosi asubuhi nakuja, niazimie ngazi ndefu kwa jirani.

Baba Jose

Asiwe jirani yule wa paka tu.