Tela limenichezea mkia mteremko wa Saranda, nimekosea wapi?

Mkamuaji wa Kibaigwa

Wakuu, mbukwenyi.

Nina Prado ya 2004, petroli, otomatiki. Mwezi uliopita nilichomelewa tela la ekseli moja hapo Dodoma mjini, springi za pikapu, linashikwa kwa pete na pini. Jumamosi nikaenda nalo Singida kuchukua mashine ya kukamua alizeti, ya mtumba. Mwenye mashine alisema ina kilo 700. Tuliipandishia kwa nyuma, ikabaki hapo hapo mlangoni, maana niliwaza kuishusha nyumbani itakuwa kazi rahisi. Mbele nikaweka magunia manne ya alizeti.

Singida mpaka Manyoni safari ilikuwa tamu, mke wangu akasinzia kabisa. Tumeanza kushuka Saranda, niko kwenye 85 hivi, basi likatupita. Upepo wake ukalisukuma tela, likaenda kushoto, likarudi kulia, na kila likirudi linakuja na nguvu zaidi. Usukani ukawa mwepesi kama niko kwenye matope. Nikakanyaga breki, ndiyo nikaharibu kabisa. Tuliishia pembeni kwenye changarawe, tela limekaa mshazari, harufu ya breki kuungua imejaa ndani. Mke wangu alishuka akakaa chini ya mbuyu. Tuliporudi barabarani hakusema neno mpaka Bahi.

Jamaa wananiambia Prado haiwezi, ninunue Land Cruiser yenye injini ya dizeli ya 1HZ. Ni gari, ni fundi, au ni mimi?

Kibarua wa Nala

Poleni sana mkuu. Hiyo Prado uza, mteja ninaye.

Utingo Mstaafu

Kijana, usiuze kitu. Nimeanza barabara hiyo nikiwa utingo, nikamaliza nikiwa dereva, na Saranda naijua hata gizani. Kosa lako liko pale mlangoni mwa tela.

Tela la ekseli moja ni bembea ya watoto. Ukiweka kilo 700 nyuma ya ekseli, mkono wa tela, ule unaoshikana na gari, unataka kuinuka, na ukiinuka unanyanyua matako ya gari. Tairi zako za nyuma zinagusa lami kwa heshima tu. Ukiwa na mwendo mdogo huoni kitu. Ukipandisha mwendo, upepo wa basi unatosha kuamsha mkia, na mkia ukishaamka kila yumbo linalisha lingine.

Kibaigwa hamkosi mzani wa magunia, nchi nzima inanunua mahindi hapo. Azima mmoja. Simamisha tela mahali tambarare, zuia tairi kwa mawe, kisha ulaze mkono juu ya gogo juu ya mzani, kwa kimo kile kile unachokuwa nacho kwenye gari. Soma. Mimi napenda pale pawe na sehemu moja ya kumi ya uzito wote, tela na mzigo. Ila usivuke kiwango kilichoandikwa kwenye kitabu cha gari, maana ukilimbikiza mbele kupita kiasi pua ya gari inainuka, taa zinamulika popo, na tairi za mbele hazikusikii.

Likianza tena kucheza, toa mguu kwenye mafuta taratibu, shika usukani usimame wima, usiukimbize mkia. Ulipokanyaga breki, gari lilizuiwa lakini tela bado linakuja. Litapita wapi? Pembeni.

Na jambo hujalisema: tela lako lina breki zake? Nahisi halina. Kwa magari mengi ya aina yako, tela lisilo na breki mwisho wake ni kilo 750, na hapo uzito wa tela lenyewe umo. Wewe una karibu mara mbili. Mteremkoni breki za gari peke yake zinachemka, pedali inazama, halafu unaanza kusali. Pale juu, kabla hujaanza kushuka, weka gia ya 3, ikibidi 2, injini ikushikie. Na 85 na mzigo ule ulikuwa unakimbilia nini? Shuka na 40.

Mama Mizabibu

Shikamoo mzee, nimejifunza. Mimi navuta maji ya mizabibu Mpunguzi, tela langu lina breki. Niliwahi kujaza nusu tanki la lita 1,000 nikidhani napunguza mzigo. Kila tuta maji yanakimbilia mbele, yanarudi nyuma, gari linasukumwa kama kuna mtu anapiga teke. Sasa nabeba matanki mawili madogo yaliyojaa pomoni.

Kaka, nyongeza: ukisimama popote, gusa katikati ya rimu za tela kwa kiganja. Kama huwezi kushika ukahesabu mpaka tano, beringi inakufa au breki imeng'ang'ania.

Mkamuaji wa Kibaigwa

Marahaba ya mzee imenifikia na mimi. Mashine ilikuwa bado haijashuka, nasubiri zege la msingi likauke, kwa hiyo nimepima leo asubuhi. Tela tupu fundi alisema kilo 450, jumla na mzigo wote ni kama 1,400. Kwenye mkono mzani umesoma 38. Nilidhani umekwama, nikaukanyaga mwenyewe, ukasoma kilo zangu sawasawa.

Tukaisogeza mashine kwa mitaimbo mpaka sehemu yake nzito imepita mbele ya ekseli. Ikasoma 142. Kitabu cha gari kinaruhusu.

Breki ni kweli hakuna. Nimepata mtu mwenye ekseli ya mtumba yenye breki zinazojikaza tela likisukuma gari, fundi anataka wiki moja kuifunga. Mke wangu amesema hata wakifunga breki za treni, Singida anakwenda na basi. Ile pete na pini je, niiache?

Utingo Mstaafu

Breki za namna hiyo zinakuja na kichwa chake cha kunasia, hivyo pete itaondoka yenyewe. Hakikisha boli ya gari, lile tufe la chuma la kuvutia tela, na kichwa cha tela ni kipimo kimoja, zipo za milimita 50 na za inchi 2, kwa macho zinafanana kama mapacha. Na uweke minyororo miwili, uipishanishe chini ya mkono. Siku kichwa kikichomoka, mkono udondokee hapo badala ya kuchimba lami. Iache na nafasi ya kona, lakini isiburuze.