Mfugaji aulizwe kabla ya rasimu au baada yake?

Mfugaji, Njoro:
Wenzangu wa Nakuru, nanyi wa Kisumu, Kakamega na Bungoma, hebu tulijadili hili bila kuzungushana. Tukiambiwa sera ya mifugo "imepitia kwa wadau", wadau hao ni nani?

Niwaeleze niliyoyaona. Tuliitwa kutoa maoni kuhusu rasimu ya mambo ya mifugo, saa tatu asubuhi, hotelini mjini. Saa hiyo mimi huwa bado niko kituo cha kukusanyia maziwa. Nikamwachia mama watoto mkebe, nikapanda matatu. Mlangoni nikapewa karatasi ya mahudhurio: jina, nambari ya kitambulisho, simu, sahihi. Nikatia. Rasimu yenyewe niliiona baadaye, Kiingereza kitupu, nakala moja kwa meza ya watu wanane. Mama mmoja mzee, mwenye ng'ombe wawili, aliiinua, akaigeuza mbele na nyuma, akairudisha mezani taratibu. Saa saba tulikuwa tumeshakula na kutawanyika. Sahihi yake iko kwenye orodha ya walioshirikishwa. Yangu pia.

Kifungu cha 10 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinautaja ushiriki wa wananchi kati ya maadili ya taifa. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu, katika kesi ya kampuni ya sigara ya British American Tobacco, ilisema ushirikishwaji uwe wa kweli, si wa kutimiza utaratibu tu. Sasa ile karatasi ya mlangoni ni ya nini?

Msimamo wangu: waje na maswali kabla ya kuandika, kwa Kiswahili, waje kituo cha maziwa na mnadani.

Daktari wa mifugo, Kisumu:
Ndugu yangu, uchungu wako nauelewa, ila sikubaliani nawe kwa yote. Ugonjwa wa miguu na midomo haungoji baraza. Unasafiri kwa hewa, kwa viatu, kwa magurudumu ya lori linalotoka mnadani. Boma moja likikataa chanjo, majirani wote wako hatarini. Kuna mambo ya kuuliza wananchi na kuna ya kuuliza maabara.

Mfugaji, Njoro:
Daktari, tuchukue hiyo hiyo chanjo. Mwishoni mwa 2024 serikali ilipotangaza mpango wa kuchanja ng'ombe milioni 22 na mbuzi na kondoo milioni 50, kilichotufikia kwanza ni uvumi kwamba dawa hiyo imeletwa kupunguza gesi wanayotoa ng'ombe tumboni. Jirani yangu amechanja miaka yote, lakini safari hii alifunga lango. Si mjinga. Hakuna aliyekuja kumweleza chanjo ni ya ugonjwa gani na inatoka wapi, akaamini aliyewahi kufika, na aliyewahi ni uvumi. Maabara ipime, sawa, lakini lango ni la mwenye boma.

Mchuuzi wa maziwa, Kakamega:
Na sisi wachuuzi je? Maziwa mengi yanayouzwa nchi hii hupita mikononi mwetu yakiwa mabichi. Mwaka 2019 rasimu ya kanuni za maziwa ilipotaka kutubana, mimi niliisikia redioni, madumu yakiwa yamefungwa kwenye bodaboda. Iliondolewa baada ya kelele. Sipingi usafi hata kidogo, maana watoto wangu wanakunywa maziwa hayo hayo. Nifundishwe kuyapima vizuri, nipewe leseni ninayoweza kuilipia. Lakini tangu nianze kazi hii sijaulizwa swali moja.

Daktari wa mifugo, Kisumu:
La lango nakubali. Nimewahi kurudi na chanjo kwenye kisanduku cha barafu, na chupa ikishadungwa sindano haiwekwi mpaka kesho, inamwagwa. Lakini niambieni gharama. Katiba imeziachia kaunti ufugaji, nasi maofisa ni wachache, pikipiki nyingine hazina mafuta. Nani atazunguka kila kituo?

Mfugaji, Njoro:
Pesa za ukumbi, chakula cha mchana na marupurupu ya siku ile zingejaza pikipiki ngapi mafuta? Sisi hatuhitaji kukodishiwa ukumbi. Mizani yetu hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi, na kufikia saa moja foleni imefika barabarani, kila mtu na mkebe wake, hana pa kwenda mpaka apimiwe. Njooni saa hiyo.