Nyumba mpya Buswelu imeanza kuvuja na kontrakta anadai hela ya mwisho, nimpe au nisimpe?

MamaG_Buswelu

Wadau habari za jioni. Naombeni ushauri maana mimi na baba watoto hatuelewani kabisa kwenye hili. Tumehamia nyumba yetu huku Buswelu, Mwanza, kiangazi kilichopita, ni hizi za kontemporari paa limefichwa nyuma ya ukuta, kazi tulimpa kontrakta mmoja tuliyeletewa na shemeji, ana vijana wake na pikapu yenye maandishi, kwa hiyo tukajua tuko mikono salama. Jua likiwaka nyumba safiii, majirani wanakuja kuulizia ramani. Sasa mvua zimeanza, ile kubwa ya usiku iliyotokea ziwani ndo ikatuumbua. Maji yameshuka ukutani sebuleni jipsamu limevimba na kuchora madoa ya kahawia, bafu la masta maji hayaendi kwenye tundu yanakuja mlangoni mpaka koridoni, marumaru za sebuleni ukikanyaga na viatu zinalia mvungu, halafu kuna nyufa, nyingi ni nyembamba ila moja imeanzia kona ya chini ya dirisha la jikoni inashuka ngazi ngazi.

Nimempigia ananiambia "mama nyumba mpya lazima ijikalie, hiyo ni kawaida" na hapohapo anaulizia milioni 2 yake iliyobaki. Alimtuma kijana na silikoni akapaka paka juu, mvua iliyofuata ikavuja vilevile. Baba watoto anasema tummalizie tuachane naye tutafute mwingine, mimi roho inakataa. Mkataba upo, karatasi moja tu, imeandikwa hatua za malipo basi.

kijana_wa_igoma

Usimpe hata mia. Ukishatuma hiyo hela tu simu yako hapokei tena 😂

Bwana_Nyegezi

Samahani dada mi nitasimama upande wa pili kidogo. Vifaa nani alinunua? Maana wenye nyumba tunabana saruji, tunachukua bati jembamba la geji 32 kwa sababu ni rahisi, tunabadilisha ramani katikati ya kazi, ikivuja lawama kwa fundi.

MamaG_Buswelu

Vifaa kanunua yeye mwenyewe kaka, sisi tulikuwa tunatoa hela anatuletea risiti. Ramani haijaguswa hata chumba kimoja.

Mwashi_Mstaafu

Mama G pole sana. Nimepiga kazi ya ujenzi miaka mingi hukuhuku kanda ya ziwa, acha nikutenganishie maana umeweka vyote kapu moja na hapo ndo anapopata upenyo wa kukwambia ni kawaida.

Nyufa nyembamba za lipu ni kawaida kweli, lipu isipomwagiliwa maji siku za mwanzo na jua letu hili inachanika, skimu (ule unga laini wa kusawazisha ukuta) na rangi vitaziba. Huo wa ngazi ngazi ndo usiudharau, unafuata viungo vya tofali na mara nyingi unasema msingi umeshuka upande mmoja. Chukua penseli weka alama pale unapoishia, andika na tarehe, pima upana wake, halafu uache kipindi cha mvua uone kama unatembea. Ukitembea au ukipanuka ita injinia kabla mtu hajaziba chochote, na asiwe rafiki wa huyo kontrakta. Kiwanja kipo juu kwenye mawe au bondeni? Kama mmekalia ule udongo mweusi wa mbuga unaopasuka kiangazi na kuvimba masika, msingi wa kawaida hautoshi, mtaziba kila mwaka.

Paa la kuficha ndo ugonjwa wa mji huu siku hizi, watu wanapenda muonekano wanasahau kwamba maji yote yanakusanyikia kwenye gata la ndani, likikosa mteremko au bomba la kutolea likiwa dogo maji yanasimama yanapanda mpaka chini ya bati. Silikoni hapo ni kupoteza muda. Siku ya jua mwambie aje yeye mwenyewe asitume kijana, zibeni tundu la kutolea, wekeni maji ya vidole viwili vitatu tu gatani (msilijaze, ni mzigo) muyaache mpaka kesho yake. Yakitokea ukutani hana la kusema, gata lake halishiki maji. Yasipotokea angalieni fleshingi (kipande cha bati cha kuziba maungio) pale bati linapokutana na ukuta, na juu ya ukuta wenyewe kama waliweka kofia ya kuufunika, wengi wanaacha wazi tofali linanyonya mvua.

Bafu hakuna dawa ni kung'oa. Sakafu inatakiwa ishuke kama sentimita 1 mpaka 2 kwa kila mita kuelekea kwenye tundu, weka pima maji, kile kifaa cha mafundi cha kupimia usawa, utaona. Marumaru gonga moja moja na sarafu, zinazolia mvungu bandika karatasi kisha piga picha. Waliweka vidonge vya saruji kwenye kona badala ya kutandaza, kabati zito likiburuzwa hapo zinapasuka.

Sheria_Kidogo

Naongezea kwenye hela. Usimwambie sitalipa, mwambie kwa maandishi kwamba utalipa pale kasoro hizi na hizi zitakapokuwa zimerekebishwa, uziorodheshe na picha na umpe tarehe ya mwisho. Kwenye mikataba iliyokamilika kuna kipindi cha matazamio, yaani muda ambao kontrakta anatakiwa kurekebisha kasoro zinazojitokeza, mara nyingi miezi 6 au 12, na asilimia 5 au 10 ya malipo inashikiliwa mpaka kiishe. Wa kwenu haukuandika hivyo ila haina maana huna haki, madai ya mkataba unaweza kuyapeleka mahakamani ndani ya miaka 6, na meseji za WhatsApp zinapokelewa kama ushahidi tangu ile sheria ya miamala ya kielektroniki ya 2015, kwa hiyo usifute kitu na punguza kumpigia, andika. Pia angalia kama amesajiliwa Bodi ya Makandarasi, pikapu yenye maandishi sio usajili. Akiwa nao unaweza kumlalamikia huko, wengi wakisikia hivyo wanakuwa wapole.

MamaG_Buswelu

Wabeja sana wote, nimewasomea mpaka baba watoto kanyamaza. Kiwanja kipo mteremkoni, upande wa jikoni ndo wa chini na kulijazwa kifusi. Nimemtumia orodha na picha WhatsApp, kajibu atakuja Jumamosi kujaribu gata ila anataka nusu ya hela kwanza ya mafuta na vijana.

Mwashi_Mstaafu

Kifusi? Hapo kwa jikoni usingoje penseli, injinia aje sasa hivi. Na nusu ya nini, kuweka maji gatani kunahitaji ndoo zako na bomba lako. Aje kwanza.