Mrejesho: kizazi kimetolewa, mionzi ya nini tena?

Wakuu, niliuliza kwa nini mgonjwa wa saratani ya mlango wa kizazi aliyekwisha kutolewa kizazi anaandikiwa tena mionzi pale Ocean Road, hospitali ya saratani Dar es Salaam. Asanteni, nimeelewa: jibu liko kwenye ripoti ya patholojia, yaani majibu ya maabara ya nyama iliyokatwa. Tezi za nyonga zikikutwa na saratani, au ukingo wa nyama iliyokatwa si safi, au ugonjwa umeingia nyama za pembeni mwa kizazi, kimojawapo tu kinatosha. Kwa kawaida ni mionzi siku 5 kwa wiki, mara 25 hadi 28, na dripu ya sisplatini (dawa ya saratani) kila wiki, figo zikipimwa.

Lililonifungua macho ni kibofu. Kizazi kikitoka, utumbo hushuka kukaa nafasi yake, ukapigwa mionzi, ndipo kuhara kunapoanza. Ukiambiwa unywe maji usikojoe kabla ya kupanda meza ya mionzi, tii: kibofu kilichojaa huusukuma utumbo juu.

Uvimbe ukizidi sentimita 4, mara nyingi kisu huachwa, wanaanza na mionzi na dawa moja kwa moja. Upasuaji na mionzi vikikutana, miguu kuvimba na shida za mkojo huongezeka.