Uchumi uliolala uamshwe kuanzia wapi?

Mwenye duka, Majengo

Assalaam aleikum ndugu zangu. Nina duka la rejareja, na siku hizi mteja aliyezoea kuchukua mafuta ya lita nzima ananunua ya kupima, huku daftari la madeni likizidi kujaa. Kila mara twaambiwa kwamba uchumi utafufuliwa na barabara mpya na wawekezaji wa kigeni, lakini naona pesa haizunguki huku mtaani. Mngeruhusiwa kuanza na jambo moja tu, mngeanza na lipi?

Wakala wa forodha, Changamwe

Waaleikum salaam. Ningeanza na bandari ya Mombasa. Baada ya SGR, reli ya kisasa ya Mombasa hadi Nairobi, kuzinduliwa mwaka 2017, sehemu kubwa ya kazi ya kutoa mizigo ilihamia Nairobi, na trela lilipokosa kontena hakuumia dereva peke yake: waliumia fundi wa matairi, muuza vipuri, mwenye vyumba vya kupanga Jomvu, na mama aliyekuwa akiwauzia madereva mahamri na mbaazi alfajiri pale Miritini. Rais Ruto alipoapishwa Septemba 2022 alitangaza kwamba kazi hiyo itarudi Mombasa, na ilikuwa haki yetu. Hata hivyo, lililorudishwa kwa tamko laweza kuondolewa kwa tamko, na hakuna mwenye akili atakayekopa benki anunue lori kwa kutegemea tamko. Liwekwe katika sheria.

Seremala, Likoni

Namheshimu aliyenitangulia, ila sheria huchukua muda, ilhali kuna pesa ambayo tayari ina wenyewe, nayo ni madeni ambayo serikali kuu na kaunti hazijawalipa wanaoziuzia bidhaa na huduma. Niliitengenezea ofisi moja ya umma madawati. Hati zina mihuri yote, malipo hayajaja. Mbao nilizichukua kwa mkopo, mafundi nikalazimika kuwasimamisha, na riba haikunisubiri. Serikali isiyolipa kwa wakati huwa imemkopa mtu mdogo bila riba wala ridhaa yake, kisha inamdai kodi tarehe ileile. Madeni madogo yaliyohakikiwa yalipwe kwanza, kwani fundi akilipwa leo, kesho yuko dukani kwako.

Mkulima, Kilifi

Msitusahau wa mashambani. Mwaka 2009 serikali ilipiga marufuku kuuza nje korosho ghafi ili zibanguliwe nchini. Nia ilikuwa njema, lakini mkulima mwenye wanunuzi wachache hujikuta akipangiwa bei.

Mwenye duka, Majengo

Ahsanteni. Hoja ya seremala imenigusa zaidi, maana baadhi ya wanaoniomba subira ni mafundi wa aina hiyo. Ila je, nani atahakikisha kwamba wakubwa hawatapenya mbele ya foleni?

Seremala, Likoni

Orodha ibandikwe hadharani kila mwezi, ikionyesha kiasi na tarehe ya hati, na anayerukwa aruhusiwe kukata kiasi cha hati hiyo katika kodi anayodaiwa.