Samsung A32, kioo kimepasuka: nibadilishe mwenyewe hapa Goma au nimpe fundi?

Mkaaji wa Himbi

Wakubwa, jambo. Naomba ushauri kabla sijatoa franga mfukoni. Telefone ni Samsung Galaxy A32. Ufa umeanzia kona ya chini kulia, ukapanda hadi karibu na katikati, umetawanyika kama mizizi. Picha bado nzuri. Mguso unaitika, ila pale konani unakwama. Huko Birere fundi mmoja anasema atabadilisha kioo cha juu tu, mwingine anasema lazima afisheri nzima, yaani skrini kamili: kioo, mguso na paneli ya picha pamoja. Dukani nako nimeonyeshwa afisheri mbili: moja bei yake karibu mara tatu ya nyingine, na kwa macho yangu zinafanana kama mapacha. Nyumbani nina bisibisi ndogo za msalaba, kadi za plastiki na mashine ya kukaushia nywele. Mkono wangu umetulia. Nifanye mwenyewe au niache?

Fundi Nape

Mukubwa, tuambie kwanza ni A32 ipi. Zipo mbili na hazipokezani afisheri. Ya 4G, SM-A325, ina paneli ya Super AMOLED (inayojiangazia yenyewe, bila taa ya nyuma) ya inchi 6.4 na kidole kinasomwa chini ya kioo. Ya 5G, SM-A326, ina LCD (yenye taa nyuma ya paneli) ya inchi 6.5 na kidole kinasomwa ubavuni, kwenye kitufe cha kuwashia. Ukimwambia muuzaji "A32" tu, anaweza kukupa isiyo yako kwa nia njema kabisa. Namba utaiona kwenye mipangilio, mwisho kabisa, "À propos du téléphone" (Kuhusu simu).

Halafu pima paneli leo hii. Fungua pale unapopigia simu, andika *#0*#. Itakuja menyu ya majaribio. Jaza skrini kwa nyekundu, kijani, bluu, moja baada ya nyingine, ukitafuta mstari au doa. Kisha ingia kwenye jaribio la mguso: vitatokea visanduku, vipitie vyote kwa kidole. Kisanduku kinachokataa kubadilika rangi ndipo mguso ulipokufa. Doa jeusi au la zambarau lenye ukingo kama wino uliomwagika maana yake paneli yenyewe imepasuka ndani, na hilo doa litakua. Piga picha kwa simu nyingine leo, piga tena kesho, ulinganishe.

Mama Katindo

Ndugu, kabla ya yote okoa vitu vyako maadamu mguso ungali hai. Tia kadi ya microSD, hamishia picha na majina. Mguso ukifa na picha ingalipo, bado kuna njia: panya ya kompyuta na kiunganishi cha OTG (kinachochomeka vifaa vya USB kwenye simu), utaona mshale unatembea kwenye skrini. Na uwe na hakika na namba yako ya siri, maana simu ikizimwa na kuwashwa haikubali kidole hata kama kila kitu ni kizima. Inadai namba au mchoro.

Ukimpa fundi, SIM toa ubaki nayo. M-Pesa na Airtel Money zako ziko juu ya hiyo SIM, si juu ya kioo.

Kwa sasa funika ufa kwa utepe wa gundi unaopitisha mwanga, ule mpana. Vumbi letu la lava ni gumu na lina kona kali, linaingia ufani na kuupanua. Mvua nayo haina huruma: A32 haikutengenezwa kuzuia maji tangu kiwandani.

Kijana wa Majengo

Kuhusu kioo cha juu tu: usijaribu nyumbani, na huyo fundi muulize ana mashine gani. Kwenye AMOLED kioo kimegandishwa juu ya paneli kwa utando wa gundi, hakuna nafasi katikati. Kukitoa kunataka sahani ya moto ya digrii kama 80, waya mwembamba kuliko unywele unaopitishwa kati ya kioo na paneli, utando mpya, mashine ya kubana bila hewa, halafu chombo cha kuondoa mapovu. Paneli ya chini ni nyembamba mno. Waya ukiinama kidogo tu, unapata mistari ya kijani au giza, na hapo unanunua afisheri nzima juu ya pesa uliyokwisha kulipa.

Wapo wanaomwaga gundi ya maji inayokauka kwa taa ya zambarau. Gundi hiyo hupenya pembeni na kuingia nyuma ya paneli, baada ya siku chache unaona kivuli cha manjano. Kama hana mashine ya kubana, ondoka na simu yako.

Fundi Nape

Hapo nakubaliana naye kabisa. Afisheri nzima ndiyo kazi ya nyumbani, na hata hiyo nunua iliyo tayari na shasi yake (fremu inayoishikilia). Isiyo na shasi ni rahisi kwa bei, lakini itabidi ung'oe ya zamani iliyogundishwa, ukwangue kila kipande cha kioo. Punje moja ya mchanga ikibaki juu ya shasi, ukibana afisheri mpya inapasuka kuanzia palepale. Goma hii tunajua mchanga unavyoingia ndani hata madirisha yakiwa yamefungwa. Yenye shasi unahamisha tu vitu vya ndani: ubao wa saketi, batri, kamera, kipaza sauti, kitikisaji.

Sasa zile mbili za dukani. Ya bei ndogo karibu hakika ni LCD iliyotengenezwa iingie mahali pa AMOLED. Njia ya kuzitenganisha: muombe muuzaji aiunganishe na simu, fungua picha nyeusi tupu, funika kwa koti lako na uchungulie. AMOLED inazimika kabisa, huoni kitu. LCD inatoa mwanga wa kijivu, hasa pembeni. Itazame pia kwa ubavu: LCD ni nene na huinuka juu ya ukingo wa shasi. Na kwenye LCD kidole hakisomwi tena, kwa sababu msomaji wa kidole anatazama kupitia paneli, na LCD ina taa yake nyuma inayomziba. Afisheri ya Samsung yenyewe huja na kibandiko chenye namba inayoanza na GH82.

Mkaaji wa Himbi

Aksanti sana wote. Nimepima. Ni SM-A325F. Rangi zote safi, hakuna doa, na picha ya leo ni sawa na ya jana. Visanduku vinne vya konani vimekufa. Naona nitachukua yenye shasi. Nipeni utaratibu, na mahali ambapo watu huharibu. Kuran (umeme) huku kwetu inakatika, je, moto wa mashine ya nywele ni wa lazima?

Kijana wa Majengo

Si lazima. Mfuko wa mpira wa maji moto unatosha kwa mgongo wa A32 kwa kuwa ni plastiki. Hapa tulipo, karibu mita 1,500 juu ya bahari, maji yanachemka kwenye digrii kama 95. Yaache dakika chache yapoe, jaza mfuko, uweke mgongoni dakika 5. Ukingo ukiwa wa moto kiasi cha kuusikia mkononi bila kukuunguza, ingiza kadi ya plastiki na uzunguke taratibu. Kisu hapana.

Batri iwe chini ya asilimia 25 kabla ya kuanza. Batri iliyojaa ikitobolewa huwaka kwa nguvu zaidi. Weka ndoo ya mchanga karibu.

Fundi Nape

Utaratibu ndio huu. Zima simu, toa kisahani cha SIM kwanza, la sivyo ubao hautatoka. Pangusa meza kwa kitambaa chenye maji ili vumbi litulie. Fungua mgongo. Chora simu kwenye karatasi na kila skurubu uichomeke mahali pake kwenye mchoro, kwa sababu urefu haulingani: ndefu ikiingia kwenye tundu la fupi inatoboa hadi kwenye afisheri kwa nyuma. Hapo ndipo wengi wanaua afisheri mpya, na wanamlaumu muuzaji.

Toa kifuniko cha plastiki cha ndani. Nape (utepe wa nyaya) ya batri ndiyo ya kwanza kuachiliwa na ya mwisho kurudishwa. Iinue kwa ukucha au plastiki, wima, bila kuvuta pembeni.

Kabla ya kuhamisha chochote, jaribu. Unganisha nape ya afisheri mpya na ubao, kisha batri, washa, rudia *#0*# yote. Usibandue plastiki ya kinga wala kibandiko cha garanti cha muuzaji hadi umeridhika. Nape usiikunje kwa pembe kali, hasa pale inapotokea chini ya paneli, ndiyo sehemu dhaifu kuliko zote.

Batri imegundishwa kwenye shasi ya zamani. Usiibanjue kwa chuma. Dondosha alikoli kidogo ukingoni, subiri dakika 2 au 3, vuta pole pole kwa kadi. Alikoli ya farmasia ya digrii 90 ni nzuri kuliko ya 70, ina maji machache. Acha ikauke kabisa kabla ya kuunganisha. Batri ikijikunja au ikinukia utamu wa ajabu, usiirudishe.

Mgongo ufunge kwa gundi ya B-7000, mstari wa milimita 1, mbali na tundu la sauti. Bana kwa mipira ya kufungia pesa, si vizuri kuibana kwa vitabu vizito. Saa 24 bila kuigusa.

Mama Katindo

Na kidole, ndugu: hata afisheri ikiwa ya kweli, futa alama za zamani na uziandikishe upya. Uliza pia dukani kama msomaji wa kidole amekuja na afisheri hiyo. Kama hayumo, lazima umtoe kwenye ya zamani, na huyo ni kazi ya fundi mwenye hadubini. Kwa hilo tu lipa mtu. Kioo cha kinga chukua chembamba kilichotengenezwa kwa A32 ya 4G, kinene kinamziba msomaji.

Mkaaji wa Himbi

Msomaji yumo, nimeangalia. Nanunua kesho asubuhi, muuzaji amekubali nijaribu pale pale mezani kwake kabla ya kulipa.