Batani ya 7 kwenye mita imekufa, naambiwa "unakosea namba"

Wakuu, leo ni siku ya tatu tunalala giza hapa Nkuhungu, Dodoma, na tokeni ya 10,000 imo kwenye simu yangu.

Namba ni 20 kama kawaida, ndani yake zimo 7 nne. Nikibonyeza 7 haiandiki. Nikikandamiza kwa ukucha inaandika 77. Nafuta, naanza upya, mita inakataa. Mke wangu alinishikia tochi karibu saa nzima. Napiga huduma kwa wateja, dada ananijibu: "Bonyeza taratibu baba, unakosea namba."

Nakosea namba! Mimi ni fundi redio, batani ndiyo kazi yangu ya kila siku. Chini ya kila namba kuna mpira wenye kidonge cha kaboni. Ukibonyeza, kaboni inagusa njia mbili kwenye bodi na kuziunganisha. Vumbi likiingia au kaboni ikisagika, upinzani (ugumu wa umeme kupita, unapimwa kwa omu) pale zinapogusana unapanda mpaka chipu inaona hakuna aliyebonyeza. Ukikandamiza sana mgusano unashika na kuachia, ndiyo hiyo 77. Wiki iliyopita nilipima rimoti ya mteja kwa testa: batani nzima omu 90, ile ya sauti iliyochoka omu 6,000 na ushee. Na batani zote mbili ziko kwenye bodi hiyohiyo moja.

Wala wasiniambie nimeichosha kwa vidole. Nanunua umeme mara 3 kwa wiki. Namba 20 mara 3 mara wiki 52 ni 3,120 kwa mwaka. Gawanya kwa batani 10, kila moja inaguswa kama mara 312. Mita ina miaka 6, haijafika hata mara 2,000. Rimoti ya sebuleni inapita hapo na bado inadunda. Kilichoiua ni kufungwa ukuta wa nje upande wa magharibi, jua linaipiga mchana hadi jioni, na kiangazi chote inakula vumbi la barabarani. Ukuta huo walichagua wao, nilikuwepo.

Kuisafisha ni pamba na spiriti, dakika 10. Ila ina sili, nikiifungua naitwa mwizi wa umeme. Sawa, siigusi. Basi njooni nyie mlioifunga! Namba ya malalamiko ninayo tangu juzi, nyama ya friji nimeshagawa kwa majirani.

Kuna aliyebadilishiwa mita hapa mjini kwa sababu ya batani? Ulienda dirisha gani, na uliwaambia nini wakakuelewa?